Asiyekuwapo na Lake Halipo: Ushuhuda wa Shabiki na Muziki wa Mitambo katika Manga

1.0 Utangulizi

Methali isemayo kwamba asiyekuwapo na lake halipo kwa kawaida hutajwa katika mambo ya mgao: baraza limefanyika, mali imegawanywa, na aliyechelewa hana pa kulalamikia. Hata hivyo, methali hiyo inaweza pia kusomwa kama kauli ya kinadharia kuhusu sanaa za utendaji. Katika mazungumzo ya mashabiki wa muziki, aliyemwona msanii akitumbuiza ana sauti ambayo aliyemsikia redioni tu hana. Wa kwanza husimulia. Wa pili huuliza. Mpaka huo hauwekwi na elimu, umri wala ujuzi wa muziki, bali na jambo moja tu, yaani kuwapo.

Makala haya yanachunguza masimulizi ya aina hiyo, yanayoitwa hapa ushuhuda wa shabiki, kwa kurejelea hasa eneo la Manga katika nchi ya Abagusii, magharibi mwa Kenya. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: muziki unapotokana na mtambo unaoweza kurudia sauti ile ile mara elfu bila kukosea, aliyehudhuria huwa ameona nini ambacho aliyenunua kanda hakukiona? Hoja inayotetewa ni kwamba ushuhuda wa shabiki si maelezo hafifu ya muziki, kama unavyoweza kudhaniwa, bali ni utanzu wa fasihi simulizi wenye muundo wake, vigezo vyake vya ubora na njia yake ya kuthibitisha ukweli. Aidha, inadaiwa kwamba katika muziki wa mitambo uthibitisho huo hutegemea zaidi kasoro kuliko ufanisi. Kile kilichoharibika ndicho ambacho kanda haina. Kwa hiyo ndicho kinachomtambulisha shahidi wa kweli.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Mulokozi (1996) anaiona fasihi simulizi kuwa ni tukio lililofungamana na muktadha wa kijamii, ambalo hutawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Kabla yake, Finnegan (1970) alikuwa amekwisha kusisitiza kwamba maneno yaliyonukuliwa ni sehemu tu ya kazi simulizi, na kwamba utendaji ndio unaoipa kazi hiyo uhai wake. Misimamo hii miwili imekubalika sana katika vyuo vyetu. Lakini kukubalika kwake kumeambatana na dhana moja ambayo haijahojiwa vya kutosha, yaani kwamba mtambo uingiapo, usimulizi hutoka.

Dhana hiyo ina mizizi mirefu. Walter Benjamin, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1936, alieleza kwamba kazi ya sanaa inapotolewa nakala kwa mitambo hupungukiwa na ule upekee wake wa kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ong (1982) alijaribu kulegeza mgawanyiko huo kwa kuzungumzia usimulizi wa pili, yaani ule unaoletwa na redio, simu na televisheni. Auslander (1999) alikwenda mbali zaidi. Kwake yeye, dhana ya utumbuizaji wa moja kwa moja haikuwapo kabla ya kurekodiwa kwa sauti. Ilizaliwa pale tu palipopatikana kitu cha kuitofautisha nacho.

Lugha ya Kiswahili inatoa ushahidi mzuri wa hoja hii ya mwisho. Neno ngoma lina maana ya ala, wimbo, uchezaji na shughuli yenyewe inayowakusanya watu. Aliyesema amekwenda ngomani hakuwa na haja ya kuongeza kwamba ngoma hiyo ilikuwa hai, kwa sababu hapakuwa na ngoma maiti. Neno laivu limeingia katika mazungumzo ya Waswahili baada ya santuri, redio na kaseti. Lugha ililihitaji siku ambayo sauti ya mwimbaji iliweza kufika mahali ambapo mwimbaji mwenyewe hakufika. Tangu siku hiyo kulikuwa na aina mbili za wapenzi wa muziki, na mazungumzo baina yao ndiyo yaliyouzaa utanzu unaochunguzwa hapa.

3.0 Manga: Kusikia na Kuona

Manga ni jina la kaunti ndogo katika Kaunti ya Nyamira, na pia ni jina la ukingo wa vilima ulioko upande wa mpaka wa Nyamira na Kisii. Aliyesimama juu ya ukingo huo huliona bonde la upande wa Kisii likiwa chini yake, na siku ambayo anga ni safi macho yake huweza kufika upande wa Ziwa Viktoria. Ni nchi yenye watu wengi, mashamba madogo, migomba na majani chai. Boma hutazamana na boma. Katika mazingira ya namna hii sauti haimilikiwi na aliyeitoa. Spika zikifunguliwa harusini bondeni, walioko juu ya kilima nao wamealikwa, watake wasitake.

Jambo hili la kijiografia lina uzito wa kihakiki. Mahali ambapo sauti huwafikia wote, kusikia hakumpi mtu sifa yoyote. Waliosikia ni wengi. Walioona ni wachache. Ndiyo maana kitenzi kikuu cha ushuhuda wa shabiki si kusikia bali kuona. Shabiki hasemi kwamba alimsikia msanii fulani, ingawa muziki ni sanaa ya masikio. Husema kwamba alimwona.

Muziki wenyewe umepitia hatua tatu ambazo inafaa kuzitofautisha. Ya kwanza ni ile ya obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane cha Abagusii, chenye sauti nzito yenye mkwaruzo. Mpigaji huketi, hupiga na huimba mwenyewe, na ala yake huijaza nafasi yote kwa mvumo usiokatika. Ya pili ni ile ya gitaa la umeme, ambapo mtindo wa benga uliotokea upande wa Ziwa ulipata sura yake ya Kigusii. Katika hatua hii jina la Christopher Monyoncho, aliyefariki mwaka 2013, ni miongoni mwa majina yanayotajwa kwanza. Ya tatu ni ile ya kinanda cha umeme na kompyuta. Hapa mdundo hutayarishwa studioni, na siku ya onyesho mwimbaji huweza kufika akiwa na kipaza sauti peke yake, huku ala zote zikiwa zimehifadhiwa katika chombo kinachoingia mfukoni.

Ni rahisi kuzitazama hatua hizi kama safari ya kuporomoka: kutoka kwa mpigaji hodari hadi kwa mtu anayebonyeza kitufe. Lakini mtazamo huo unasahau kwamba hatua ya kwanza na ya tatu zinafanana zaidi ya zinavyofanana na ya pili. Mpigaji wa obokano alikuwa mtu mmoja aliyebeba bendi nzima mapajani pake. Mwanamuziki wa kompyuta naye ni mtu mmoja aliyebeba bendi nzima. Wote wawili huwaachia hadhira kitendawili kile kile: sauti nyingi kiasi hiki zinatoka wapi, ilhali mtu ni mmoja?

4.0 Muundo wa Ushuhuda

Ushuhuda wa shabiki hutolewa mahali pa kawaida: penye foleni ya kupimisha majani chai, ndani ya matatu, katika kibanda cha kinyozi. Hauna kianzio maalumu kama ule wa paukwa, lakini una tamko linalofanya kazi hiyo hiyo, nalo ni tamko la kuwapo. Msimulizi akishasema kwamba yeye alikuwapo, wasikilizaji humwachia uwanja. Baada ya hapo masimulizi hufuata sehemu tano zinazotambulika kwa urahisi: safari ya kwenda, kusubiri, kutokea kwa msanii, kasoro, na safari ya kurudi.

Yafaa kuona jinsi sehemu ndogo ya mpango huo inavyotengewa muziki wenyewe. Safari husimuliwa kwa kirefu: mvua, matope, nauli iliyopandishwa, rafiki aliyeghairi dakika za mwisho. Kusubiri husimuliwa kwa uchungu: msanii aliahidiwa saa nane, akatokea jua likiwa linazama. Kutokea kwake husimuliwa kwa haraka, kama vile macho yaliona kuliko ulimi uwezavyo kubeba. Nyimbo zenyewe hutajwa kwa majina tu, bila maelezo, kwa sababu wasikilizaji tayari wanazijua. Tukitumia istilahi za Mulokozi, ushuhuda huu huiacha fani na kuyashikilia mambo mengine matano. Mhakiki anayeulaumu kwa kutoeleza muziki anaulaumu kwa kutofanya kazi ambayo haukupewa.

Muundo huu una ndugu wawili katika mazingira ya Manga. Ndugu wa kwanza ni ngano ya safari, ambamo shujaa huondoka nyumbani, hupata taabu, huona ajabu na hurudi akiwa amebadilika. Ndugu wa pili ni ushuhuda wa kanisani. Ukristo wa kimisheni umekita mizizi katika nchi ya Abagusii tangu miaka ya 1910, Wakatoliki wakiwa Nyabururu na Waadventista wakiwa Nyanchwa, na desturi ya mtu kusimama mbele ya wenzake na kueleza alivyokuwa kabla na alivyo baada imezoeleka kwa vizazi kadhaa. Shabiki anayesimulia alivyomwona msanii wake anaazima umbo hilo hata kama alichokiona kingewaudhi wazee wa kanisa. Naye ana kabla na baada. Naye hudai kuaminiwa kwa sababu aliona kwa macho yake.

Tofauti yao ni katika sehemu ya nne, yaani kasoro. Ushuhuda wa kanisani huelekea kwenye ushindi, na dosari zikitajwa hutajwa ili zishindwe. Ushuhuda wa shabiki huipenda dosari kwa ajili ya dosari yenyewe. Jenereta lilizimika katikati ya wimbo. Spika ya kushoto ilianza kukoroma. Dijei aliweka wimbo usio wenyewe, msanii akatikisa kichwa, ukaanzishwa upya. Mvua ilinyesha, nyaya zikafunikwa kwa turubai, na watu wakaimba bila mtambo. Waswahili husema ngoma ivumayo sana hupasuka. Msemo huo, ambao kwa kawaida ni onyo, katika kinywa cha shabiki hugeuka kuwa kilele cha hadithi.

Sababu yake si vigumu kuipata. Kanda hurudia, na mdundo uliotengenezwa kwa kompyuta ni kanda hata unapopigwa mbele ya watu elfu. Mtambo ukifanya kazi vizuri, aliyekuwapo na asiyekuwapo wamesikia kitu kimoja. Mtambo ukiharibika, njia zao hutengana. Kwa dakika chache za giza, msanii hana budi ama kunyamaza, ama kuimba kwa koo lake, ama kuwaachia hadhira wimbo waumalize. Kitakachotokea hakikutayarishwa studioni, na hakitarudiwa. Ndiyo maana wasikilizaji wanaomshuku msimulizi hawamwulizi maswali ya muziki. Humwuliza umeme ulikatika wakati wa wimbo upi, nani aliyewasha jenereta, na msanii alifanya nini gizani. Asiyejua majibu hayo hakuwapo, hata kama anazijua nyimbo zote kwa moyo.

Kipengele kingine kinachostahili kutajwa ni kule kutunza. Methali husema mcheza kwao hutunzwa, na katika onyesho la mashambani, kama ilivyo katika taarabu ambayo Askew (2002) ameichunguza huko Tanga, mtazamaji anayesimama kumpa msanii noti huwa naye anatumbuiza. Ushuhuda hauwasahau watu hao. Hutaja nani alitoa, nani alijifanya kutoa, na nani alicheza hadi kiatu kikamtoka. Kwa njia hii masimulizi yanayodai kumhusu msanii huwa kwa kweli ni masimulizi ya jamii ikijitazama. Fanani wa jukwaani ni sababu tu ya watu kukutana. Fanani wa pili, yaani msimulizi, ndiye anayeugeuza mkutano huo kuwa hadithi.

5.0 Mti wa Nani? Mfano wa Embarambamba

Hoja iliyotolewa hapo juu inakabiliwa na mtihani mgumu katika kazi za Christopher Mosioma, ajulikanaye zaidi kama Embarambamba, mwimbaji wa Kigusii aliyepata umaarufu mkubwa nchini Kenya kutokana na video zake. Katika video hizo huonekana akigaagaa matopeni, akipanda miti na kuning'inia, na kukimbizana na mifugo, huku akiimba nyimbo ambazo nyingi ni za injili. Wahakiki wa magazetini na viongozi wa dini wamezozana kuhusu iwapo huo ni uimbaji au kichekesho.

Tatizo la kinadharia ni tofauti. Ilisemwa kwamba shahidi huona mwili na vurugu ambavyo kanda ya sauti haina. Lakini hapa vurugu lenyewe limekwisha kurekodiwa. Tope limo katika video, mti umo, ng'ombe yumo. Shabiki aliyekwenda kumwona ana kwa ana ameongeza nini?

Jibu linapatikana katika kipengele cha mahali. Video huonyesha mti. Ushuhuda hutaja mwenye mti. Mtazamaji wa Mombasa au wa ng'ambo huona tope lolote, shamba lolote, ua wowote. Msimulizi wa kijijini huona ua wa jirani fulani, ambao ulivunjika, na jirani huyo ama alicheka ama alidai alipwe. Kwake yeye kitendo cha kugaagaa si ishara ya jumla ya wazimu wa kisanii. Ni jambo lililotokea penye njia ambayo yeye huipita kila asubuhi akienda kupimisha majani chai. Hivyo ushuhuda unairudisha nyumbani picha ambayo mtambo ulikuwa umeing'oa kutoka mahali pake na kuitawanya ulimwenguni.

Kwa hali hiyo mjadala wa magazetini umekosea shabaha. Anayeuliza kama Embarambamba anaimba vizuri anapima fani peke yake. Anayeuliza kama anapotosha maadili anapima maudhui peke yake. Hakuna kati yao anayeuliza kwa nini watu waliokwisha kuona kila kitu katika simu bado hutembea maili kadhaa kwenda kumwona. Wanakwenda kuona iwapo atafanya hayo hapa, penye ardhi wanayoijua. Wanakwenda ili wapate la kusimulia.

6.0 Mwili Usiotikisika: Mifano ya Nje

Nadharia iliyojengwa juu ya eneo moja haina budi ijaribiwe nje yake. Mifano miwili ya Afrika Mashariki inafaa kwa kazi hiyo, kwa sababu yote miwili ni ya muziki wa kompyuta, na inasimama kwenye ncha mbili zinazopingana.

Mfano wa kwanza ni singeli ya Dar es Salaam. Muziki huu ulikulia katika mitaa ya uswahilini na katika sherehe za vigodoro, na ulijulikana zaidi nje ya Tanzania baada ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso mwaka 2017. Kasi yake huvuka mapigo 200 kwa dakika. Dijei hukaa nyuma ya kompyuta. Mwimbaji hukimbizana na mdundo ambao hauna huruma wala pumzi. Ushuhuda wa shabiki wa singeli hufuata njia iliyokwisha kuonyeshwa: hukazia pumzi ya mwimbaji, jasho, vumbi, na pale ambapo ulimi uliteleza. Mwili unapambana na mtambo, na shahidi ndiye mwamuzi.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Joseph Kamaru, anayejiita KMRU, ni mwanamuziki wa kielektroniki aliyezaliwa Nairobi na aliyehamia Berlin. Jina lake ni la babu yake, Joseph Kamaru (1939–2018), mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu aliyesikilizwa kwa makini hata na wanasiasa kwa sababu ya maneno yake. Mjukuu, katika albamu kama Peel ya mwaka 2020, hana maneno. Ana mivumo mirefu inayobadilika polepole mno, na sauti za mazingira alizozirekodi. Jukwaani huwa ameinamia vyombo vyake, na hadhira huketi au husimama kimya. Hakuna kuanguka, hakuna kuruka, hakuna noti kubandikwa pajini pa uso. Hata jenereta haliko.

Hapa ushuhuda wenye sehemu tano ungetarajiwa kufa. Haufi, unahama. Msanii anapokuwa hatikisiki, mwili unaosimuliwa ni wa shahidi mwenyewe: mtetemo kifuani, macho yaliyofumbwa, kushindwa kujua ni dakika ngapi zimepita, kikohozi cha mtu wa safu ya nyuma. Kasoro nayo imebaki, ila imehamia upande wa hadhira. Kikohozi hicho ndicho jenereta lililozimika. Hakimo katika albamu, na waliokuwapo wanakikumbuka. Ni vyema kukumbuka pia kwamba hadhira iliyoketi kimya ikizungukwa na mvumo wa mtu mmoja si jambo geni katika nchi ya obokano. Ugeni wa muziki huu upo zaidi katika jina lake kuliko katika namna unavyopokewa.

7.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza ni kwamba ushuhuda wa shabiki hujaa uongo. Msimulizi huongeza idadi ya watu, huongeza urefu wa onyesho, na wakati mwingine husimulia alichosimuliwa. Hili ni kweli. Lakini fasihi haijawahi kuutupa utanzu kwa sababu unatia chumvi. Kama ingekuwa hivyo tusingebaki na utendi hata mmoja. Jambo la msingi ni kwamba utanzu huu una mbinu yake ya kujisahihisha, nayo ni maswali ya wasikilizaji. Uongo wa kuongeza ukubwa husamehewa. Uongo wa kudai kuwapo hausamehewi.

Hata hivyo, kuutambua utanzu si kuusifu kila mara. Zipo shuhuda dhaifu, na dalili yake ni moja: zimejaa sifa na hazina tukio. Msimulizi anayesema kwamba msanii alikuwa moto, kwamba ilikuwa balaa, kwamba haijawahi kuonekana, akaishia hapo, hajasema lolote ambalo tangazo la redioni halikulisema kabla. Ushuhuda bora hutegemea jambo dogo lililochaguliwa vyema. Msanii aliyevua viatu vyake vilivyolowa na kuviweka juu ya spika vikauke ana uhai kuliko msanii aliyetikisa dunia.

Pingamizi ya pili ni ya simu za mkononi. Inadaiwa kwamba kwa kuwa kila mtazamaji sasa hurekodi, hakuna tena kisichorekodiwa, na kwa hiyo shahidi amepoteza kazi. Pingamizi hii inadhani kwamba kurekodi na kushuhudia ni kitendo kimoja. Anayerekodi huelekeza simu jukwaani, jenereta linapozimika huiteremsha, na mara nyingi huizima kabisa kwa sababu hakuna cha kuchukua. Dakika zile zile zinazoubeba ushuhuda ndizo zinazokosekana katika simu. Aidha, picha inapopitishwa mkononi penye kikao, haimnyamazishi msimulizi bali humpa la kufafanua: huyu aliyegeuza mgongo ni fulani, kelele hii ni ya wale waliokuwa juu ya ukuta, na baada ya hapa ndipo ilipotokea. Simu imekuwa nyenzo ya fanani wa pili, kama vile fimbo au usinga ulivyokuwa nyenzo ya wengine kabla yake.

8.0 Hitimisho

Mwezi Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi ivunjwe, walidai kwamba fasihi simulizi ipewe nafasi ya katikati katika masomo. Madai hayo yalizaa kazi kubwa ya kukusanya. Wanafunzi wengi walipelekwa vijijini, wakarudi na nyimbo. Lakini nyimbo hizo mara nyingi zilirudi zikiwa maneno matupu: mishororo upande wa kushoto, tafsiri upande wa kulia, na chini yake uchambuzi wa dhamira. Aliyeimba alitajwa kwa jina. Waliosikiliza hawakutajwa, na walichosema walipokuwa wakirudi nyumbani hakikuandikwa.

Kosa hilo si la vyuo vyetu pekee. Makumbusho ya Ulaya yamehifadhi sauti nyingi za Waafrika zilizorekodiwa enzi za ukoloni, zikiwa zimetengwa na watu waliozizunguka. KMRU alipoitengeneza Temporary Stored mwaka 2022 kutokana na sauti zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alizirudisha sauti hizo masikioni mwa watu. Lakini hata yeye hakuweza kuirudisha hadhira ya siku ile. Hiyo ikishapotea haina chombo cha kuirudisha.

Hapa ndipo suala linapokuwa la haraka. Nyimbo za Monyoncho zitaendelea kusikika, kwa kuwa zimerekodiwa, na redio za Kigusii zinaweza kuzipiga kila siku. Waliomwona wanazeeka. Wao ndio wanaojua alisimama wapi, waya upi ulikuwa umefungwa kwa utambaa, nani alianza kucheza, na ilikuwaje sauti ya gitaa ilipokatika ghafla na wimbo ukabaki mikononi mwa watu. Mwanafunzi wa uzamili anayekwenda Manga na kinasa sauti ili akusanye nyimbo atakuta kwamba nyimbo zimekwisha kukusanywa. Yampasa akae kwenye foleni ya majani chai na kuuliza nani alikuwapo, kisha aulize umeme ulikatika wakati wa wimbo upi.